Kombora na Mwamba wa Goli

Jumatatu, 4 Machi

Wamezungushia mabati uwanja wetu! Tajiri mmoja anadai ni wake, anajenga maghala. Nimechungulia kwenye tundu la msumari. Nyasi zile zile. Goli la kaskazini limebaki nguzo moja, imeinama kama mzee anayetafuta kiatu. Hapo ndipo mimi, Kombora, nilipofunga matatu kwenye fainali, na marehemu mama akaacha nguo kwenye beseni aje kunishangilia. Machozi yakanilenga. Vumbi tu.

Mpwa wangu, mwandishi wa habari za uchunguzi, ameshalivalia njuga. Nikamwambia shahidi mkuu ni mimi. Akasema, "Mjomba, hadithi zako tamu, ila mhariri anataka nyaraka." Nyaraka? Nitamletea toroli zima!

Jumanne, 5 Machi

Ofisi ya ardhi. Tai ya harusi yangu, miwani myeusi. Nikamkaripia karani: mimi ni mkaguzi kutoka makao makuu, faili la uwanja, upesi! Akauliza kwa upole mbona nafoka, ramani ni za umma, mwananchi yeyote anaonyeshwa, nijaze fomu tu. Nyuma yangu mtu akacheka hadi akakohoa. Mpwa. Faili analo mapajani tangu asubuhi.

Ramani yasema "eneo la wazi". Tajiri anasema lilikuwa pori, halmashauri haijawahi hata kulifyeka. Sasa mpwa anatafuta karatasi ya kuonyesha kwamba walilitunza.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda kwa kinyozi, kipa wetu wa zamani, anitolee ushahidi. Akatangaza mbele ya wateja kwamba ananikumbuka vizuri sana: mbeba maji. Mbeba maji! Kicheko hadi barabarani. Wivu wa mtu aliyekuwa akifungwa mabao ya kwapani.

Halafu akafuta wembe, akasema bado anasikia harufu ya zile nyasi baada ya mvua. Kisha akaninyoa upogo, makusudi.

Ijumaa, 8 Machi

Mpwa ameshinda masijala ya halmashauri, amerudi na vumbi kwenye nyusi. Amepata kumbukumbu za kikao cha mwaka ule wa fainali! Akatusomea sebuleni, mimi na dada yangu, mama yake. Kwamba halmashauri imelipia mwamba mpya wa goli la kaskazini, uwanja ukiwa mali ya umma, baada ya ule wa mti kuvunjwa na "mchezaji wa akiba anayejiita Kombora, aliyeukalia ili apigwe picha."

"Anayejiita!" dada akapiga kofi. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akajifuta macho kwa kanga, akasema mama naye alicheka hivi hivi siku ile, mikono ikiwa na povu.

Mpwa alikuwa akirukaruka. Karatasi ndiyo hiyo. Mimi nikasema wazi kwamba mwandika kumbukumbu yule hakujua mpira.

Jumapili, 24 Machi

Gazeti lilitoka, mabati yameng'olewa! Halmashauri imesimika magoli mapya. Nimewaeleza wateja wa kinyozi kwamba mwamba ule niliuvunja kwa makusudi. Niliona mbali. Nilijua iko siku uwanja utahitaji ushahidi. Kinyozi akadondosha kitana.

Kesho mpiga picha wa gazeti anakuja. Mpwa ameniomba nisimame na watoto, mstari wa nyuma. Wa nyuma? Mimi?

Jioni nimepita kuupima mwamba mpya kwa macho. Chuma kitupu. Huu utanibeba.