Ombi la Kuzika Vyeti Ardhini

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Makumbusho,

Kwa heshima na taadhima, mimi fundi wako mwenye cheti halali cha chuo cha ufundi nalalamikia tangazo ulilobandika mlangoni kwako. Unatafuta msimamizi wa uchimbaji wa mambo ya kale, na umeandika kwamba lazima awe na shahada ya chuo kikuu. Tukikutoa wewe, mwenye shahada hapo kazini ni mmoja tu, naye ni mke wangu. Nafasi hii naitaka, tena naitaka sana, na hoja zangu ni hizi:

1. Shimoni, mwiko wa kuchimbia nashika mimi. Yeye hushika kamera, na kigae kikichomoza huniamuru nisikiguse hadi amalize kukipiga picha.

2. Tabia hiyo imehamia nyumbani. Juzi nilitaka kuondoa vyombo mezani, akanizuia, eti kwanza achunguze mabaki. Akagundua kuwa mnofu wa mwisho nilikula mimi. Niliumia sana, kwa sababu ni kweli.

3. Mama mkwe humwita yeye "msomi wangu", na mimi "yule anayechimba". Jirani akitaka kuchimbiwa shimo la taka, huja kunichukua bila hata kupiga hodi.

4. Mheshimiwa, kazi yetu huheshimu kitu kimoja tu: kilichokaa ardhini kikadumu. Basi vyeti navyo vizikwe, na kitakachotoka kizima, mwenyewe apewe kazi. Nami sikungoja kamati, maana ngojangoja huumiza matumbo. Shahada ya mke wangu na cheti changu nimekwisha kuvizika uani, bila hata mfuko wa nailoni, ili haki itendeke.

Karibu ushuhudie ufukuaji. Wasalimie wenzangu wa stoo, mlinzi wa getini na mama wa chai, asiyewahi kumuuliza mtu amesoma wapi.

Wako mtiifu,
Baba Mwiko, fundi mchimbaji

N.B. Usaili ni kesho, na umetaka vyeti halisi. Chuoni tulifundishwa kupima na kuchora mahali pa kila kitu. Mimi nilizika kwa furaha, sikupima, sikuchora. Nimechimbua ua mzima hadi chini ya kamba ya nguo, sijaona hata karatasi. Mke wangu amesimama mlangoni, ananipiga picha nikiwa shimoni, na amesema nisitoke hadi amalize. Tafadhali nitafutie mwenye shahada mwingine wa kunisaidia kuvifukua, hata wa kuazima. Huyu wangu sina uso wa kumwomba.