Ombi la Kuzuia Sura Mpya ya Gari Mpaka Baba Anunue

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Magari

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ukiwa umekaa, maana ni ndefu kidogo. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, nimemaliza shule miezi mitatu iliyopita. Sijawahi kuliandikia gazeti. Kwa kweli hata kwa mdomo mimi si msemaji. Dukani nikiulizwa nataka nini huonyesha kwa kidole. Kwa hiyo ukiona nimekuandikia wewe, mtu mzima nisiyemjua, ujue maji yamezidi unga.

Naandika kuhusu gari letu. Samahani, nimekosea. Naandika kuhusu gari ambalo tungekuwa nalo kama si ukurasa wako.

Baba yangu ni fundi cherehani. Ameshona sare za shule na suruali za watu kwa miaka ishirini na miwili, na akiba ya kununulia gari ilitimia mwaka nilioanza sekondari. Gari lenyewe alishalichagua: dogo, jeupe, milango minne. Kilichobaki kilikuwa kwenda kutia saini. Asubuhi aliyovaa suti ya kwenda kutia saini alinunua gazeti lenu ili asome njiani, na humo mwandishi wenu anayejiita Bwana Usukani alikuwa ameandika: "Gari hili litabadilishwa sura mwakani. Mwenye busara asubiri." Baba akarudi kutoka kituo cha basi, akavua koti. Baba ni mwenye busara.

Akasubiri. Sura mpya ikatoka. Bwana Usukani akaandika kwamba magari ya kwanza ya sura mpya huwa na kasoro ndogo ndogo, mwenye busara awaachie wengine wazigundue. Baba akawaachia. Wengine wakazigundua, kiwanda kikazirekebisha, baba akaitoa tena suti, na Jumamosi hiyo hiyo Bwana Usukani akaandika kwamba kwa kuwa sura hii sasa imezoeleka, bila shaka nyingine iko mezani kwa wachoraji. Hivyo ndivyo nilivyomaliza sekondari yote.

Nimeyapima mashauri hayo kwa makini, maana hesabu nilifaulu vizuri, na sikuona kosa hata moja. Gari ambalo sura yake inakaribia kubadilika halifai kununuliwa. Gari ambalo sura yake imebadilika juzi halifai kununuliwa. Na kila gari liko katika moja ya hali hizo mbili. Kwa hiyo silalamiki kwamba ukurasa wako unakosea. Nalalamika kwamba uko sahihi mno, na yafuatayo ndiyo yaliyotupata.

1. Uwanja wetu. Baba alichukua vipimo vya gari kwenye karatasi ya maelezo, akalichora kwa chaki ya kukatia nguo juu ya saruji ya uani, ili tuone litakavyokaa. Tangu siku hiyo hapo ni gari. Mama haruhusiwi kuanika nguo hapo, maji ya kufulia hayamwagwi hapo, na mgeni akikatiza katikati baba huguna kama aliyekanyagwa yeye. Mvua ikifuta, huchora upya. Sura mpya ilipokuja na bampa iliyozidi kwa vidole vinne, vidole hivyo vinne vilifika kwenye mlango wa jiko. Sasa tunaingia jikoni ubavu ubavu, na sufuria juu ya kichwa, tusije tukalikwaruza.

2. Bibi. Bibi mzaa baba aliwahi kiti cha mbele. Alibeba kigoda chake mwenyewe, akakiweka ndani ya mstari, upande wa abiria, na kila jioni hukaa hapo na mtandio kiunoni badala ya mkanda. Anasubiri kupelekwa kwa dada yake, upande wa pili wa mji. Teksi haitaki, anasema ameshazoea gari la kwetu. Baba akimwambia, "Vumilia mama, sura mpya itakuja na viti laini zaidi," bibi humjibu bila kugeuka, kwa sababu yeye anatazama barabara: "Wewe subiri sura ya gari, mwanangu. Yangu inachakaa hapa hapa kiti cha mbele."

3. Kava za viti. Hapa nakuomba usicheke. Baba alizishona kabla, kwa kitambaa cha kijani kibichi chenye mshono wa dhahabu, kazi safi kabisa. Kisha kiwanda kikabadilisha viegemeo vya kichwa, akashona seti ya pili. Kisha kikapunguza mgongo wa kiti cha nyuma, akashona ya tatu. Mpaka leo gari letu lina kava seti tatu na halina viti.

4. Kuenea kwa ugonjwa. Bati la choo linavuja, lakini baba amesikia kuna bati za aina mpya zinakuja, kwa hiyo tunaingia chooni na mwavuli. Bibi anahitaji miwani, lakini fremu hubadilika kila mwaka. Haya tungeyavumilia. Mwezi uliopita shangazi, mdogo wake baba, alipata mchumba, mtu mpole, fundi wa saa, akaja na wazee wake kujitambulisha. Baba akawakaribisha vizuri sana, akawasikiliza, akatafakari, kisha akasema, "Kijana hana neno. Ila tusiwe na pupa. Mwakani huenda wakatoka wengine." Shangazi hajakanyaga kwetu tangu siku hiyo.

Mama yangu ni msusi, anasukia watu barazani. Amechoka. Juzi alimwambia baba mbele ya wateja wawili: "Mimi nambadilisha mtu sura kwa saa mbili na anaondoka anajitazama kwenye kioo. Hao wenye kiwanda kizima wanachukua mwaka kubadilisha taa?" Baba akasema subira huvuta heri. Mama akamwambia, "Huvuta heri, baba fulani, haivuti gari." Wateja walicheka mpaka mmoja akachomwa na kitana. Baba alirudi kwenye cherehani yake akashona kwa kasi, na kwetu hiyo ndiyo dalili ya hasira.

5. Mimi. Nimejiweka mwisho kwa adabu, ila ukweli ni kwamba hapa ndipo panaponiuma.

Mhariri, nataka kuwa dereva. Wenzangu wanataka kuwa mawakili na watangazaji, kazi za kusema. Dereva hutazama mbele, na abiria au mzigo humtazama kisogo. Karibu na kwetu kuna bekari, na gari lake la mikate huzunguka madukani alfajiri. Dereva wake anastaafu mwisho wa mwezi huu. Nilikwenda kumwona mwenye bekari. Nilisimama pale mpaka wateja sita wakahudumiwa, kisha nikampa karatasi niliyoandikia haja yangu. Akaisoma, akanitazama, akasema: "Mtu asiyepiga soga na wenye maduka ndiye ninayemtafuta. Huyu wangu hufikisha mkate umepoa kwa maongezi. Lete leseni kabla ya mwisho wa mwezi, ufunguo ni wako. Usipoileta nampa mwingine, binti. Mkate hausubiri."

Leseni ya kujifunza ninayo. Kanuni zote nazijua, hata ya kupishana na mifugo. Nisichonacho ni gari la kujifunzia na kufanyia mtihani. Nikamwomba baba nijiunge na shule ya udereva. Akashangaa kweli kweli. "Ukajifunze kwenye gari la watu, klachi imechoka, na la kwetu liko njiani?" Akanikalisha kwenye cherehani ya miguu, akanifundisha yeye. "Mguu taratibu. Usikate uzi. Haya, kona." Leo hii naweza kupanda mlima na kushuka kwa cherehani bila kukata uzi. Kurudi nyuma bado, kwa sababu cherehani ikirudi nyuma uzi hujisokota.

Jumamosi iliyopita baba alikuwa amekubali. Suti ilikuwa imepigwa pasi. Na Jumamosi iliyopita, Mhariri, ukurasa wako ulitoka na kichwa cha habari: "Sura Nyingine Kabla ya Mwaka Kwisha." Suti imerudi sandukuni. Zimebaki siku kumi na tisa.

Najua ninachotakiwa kufanya. Natakiwa nisimame mbele ya baba niseme neno moja tu: nunua. Nimelifanyia mazoezi uani, ndani ya gari la chaki, bibi akiwa shahidi. Mbele ya baba naishia kuonyesha chaki kwa kidole. Ndiyo maana nimeona ni rahisi zaidi kuzuia kiwanda. Naomba yafuatayo:

(a) Kwa siku kumi na tisa usichapishe habari yoyote ya sura ya gari lolote. Ukurasa unaweza kujazwa na mafunzo ya kubadilisha tairi, jambo ambalo halijawahi kumfanya mtu asubiri.

(b) Kama (a) ni gumu, chapisha nakala moja tu, ya kwetu, isemayo kwamba wachoraji wa kiwanda wamegombana na sura mpya imefutwa milele. Najua gazeti halitakiwi kusema uongo, lakini nakala moja sidhani kama inahesabiwa. Maneno nimeshayaandika, yamo kwenye karatasi ya pili, na nimejitahidi kumwigiza Bwana Usukani, hata "mwenye busara" nimeliweka mara tatu.

(c) Kama (b) pia haliwezekani, basi mwambie kiwanda kiwape wachoraji likizo. Watu waliobadilisha taa zile zile mara tatu ndani ya miaka sita ni watu waliochoka, wanahitaji kwenda kwao wakapumzike na wazazi wao. Wakigoma, serikali iweke sheria kwamba sura mpya lazima iwe mbaya kuliko ya zamani, na itangazwe hivyo. Hapo kila mwenye busara atanunua leo.

Sidhani kama naomba makubwa. Naomba dunia isimame kwa siku kumi na tisa, kisha iendelee na mambo yake.

Nisalimie wote hapo ofisini: mpiga picha, maana magari yake hutoka yameng'aa kuliko yalivyo; mchapaji; na kijana wa kusambaza magazeti anayelirusha letu moja kwa moja kwenye boneti ya chaki. Bibi anakusalimu kutoka kiti cha mbele. Mama hakusalimu, ila amesema nikutakie afya. Bwana Usukani naye mpe salamu zangu, na umuulize kwa adabu yeye mwenyewe anaendesha gari gani, na kama amewahi kulinunua.

Wako, msomaji wa ukurasa wako kwa kuwa ndio unaosomwa kwetu,

Binti wa fundi cherehani

Baada ya kuandika: Yametokea mambo. Barua hii niliiacha juu ya meza ya kukatia, chini ya mkasi, nikaenda kutafuta stempu. Niliporudi baba alikuwa ameisoma yote, na pini bado ziko mdomoni. Akazitoa moja moja. "Kumbe binti yangu una maneno mengi hivi?" Akaenda sandukuni akaitoa suti.

Tulikwenda wote wanne leo asubuhi. Muuzaji alimkumbatia baba. "Mzee! Tangu uanze kuja hapa nimeoa na nina watoto wawili." Gari lilikuwepo, jeupe, lenye milango ya kweli. Bibi akaingia kiti cha mbele akafunga mkanda mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Mama alikuwa analia na kucheka. Baba akashika kalamu, akanigeukia mbele ya watu wote, akasema, "Dereva ni wewe. Neno lako ndilo la mwisho. Nitie saini?"

Muuzaji alikuwa amevuta fomu kutoka kwenye droo, na chini ya fomu ilitokeza pembe ya picha. Ilikuwa sura mpya. Mhariri, sikujua kama ni nzuri hivi. Taa nyembamba kama macho ya mtu anayejua siri. Na pembeni maandishi madogo: kamera ya nyuma, ya kumsaidia dereva kurudi nyuma.

Mimi ambaye sijawahi kusema neno mbele ya mgeni, nilisikia sauti kubwa, safi, haina hata mtetemo, ikisema, "Baba, tungesubiri kidogo."

Ilikuwa yangu. Baba alinikumbatia, akasema sasa ameamini mimi ni damu yake. Bibi imebidi abebwe kutoka kwenye gari. Mama hasemi na mimi.

Kwa hiyo maombi (a), (b) na (c) naomba uyapuuze, na karatasi ya pili uichane. Badala yake nakuomba unijulishe mapema ni mwezi gani hasa sura hiyo itatoka, na kama kasoro za mwanzo zitachukua muda mrefu. Mwenye bekari nimemwandikia barua yake peke yake, kumuuliza kama mkate unaweza kusubiri kidogo.