Kifaru cha Kagera Uani kwa Mzee Hhando

Jumatatu, 14 Julai

Katesh. Baridi. Upepo wa mlimani umeangusha mwavuli wa meza yangu ya kutengenezea simu mara mbili. Na habari mbaya: Herman amempelekea Mzee Hhando ndoo ya asali. Asali! Mtu hapeleki asali kwa baba mwenye binti kwa ajili ya kikohozi. Anamtaka Paskalina. Na mimi ninamtaka Paskalina! Herman ana ng'ombe wa kujaza bonde. Mimi nimekulia Haydom, baba alikuwa mlinzi hospitalini. Ng'ombe nimewazoea kwenye mchuzi.

Lakini akili ni mali. Mzee Hhando alipigana Vita vya Kagera, na kila akinywa chai hutaja kifaru cha jeshi letu alichoingia nacho Uganda. Nitamjengea kifaru hicho! Kikubwa, nusu ya kile cha kweli, chenye mzinga na kichwa kinachozunguka. Nani atakumbuka asali?

Alhamisi, 17 Julai

Nimekwenda kwa Mzee. Shikamoo, marahaba, chai. Nikaomba nafasi uani. Alikubali haraka mno. Nafikiri amedhani ni banda la kuku. Nikamwuliza dereva anakaa wapi, anaona njia kwa tundu gani. Hajui. Mlango je? Hajui. Kumbe hakukiendesha! Alikuwa askari wa miguu, alitembea nyuma ya kifaru kutoka mtoni mpaka Kampala. Nyuma anaijua yote: mapipa mawili ya mafuta, moshi ulikotokea, pembe waliyoning'iniza sufuria. Mbele hakuwahi kufika. Nilimwonyesha picha kwenye simu, akazikataa zote. Zimepigwa kwa mbele.

Jumanne, 22 Julai

Mbavu za mabanzi zimesimama. Minyororo nimekata kwenye matairi mabovu. Na nimegundua jambo! Magurudumu ni matano kila upande, lakini la kwanza limejitenga na wenzake. Kwa nini? Chakula hakipiti.

Paskalina hushona cherehani barazani kwao, kwa hiyo ananiona nikifanya kazi. Leo ameniuliza kama Jumapili nitakwenda kuisikiliza kwaya yao. Nikamwuliza yeye anadhani gurudumu lile limejitenga kwa nini. Akasema labda limechoka kuwasubiri wenzake. Jibu halina ufundi hata kidogo.

Udongo wa kukandika nimeupata ukingoni mwa Ziwa Balangida, bodaboda ameleta viroba. Ukikauka ni wa kijivu, una chembe nyeupe zinazometa, chuma kitupu! Paskalina akasema ule ni udongo wa chumvi, watu huuchota kwa ajili ya ng'ombe. Nikamwambia sijengi ng'ombe.

Ijumaa, 25 Julai

Kichwa kinazunguka! Nimekilaza juu ya gurudumu la baiskeli. Mzinga ni bomba la maji. Nimeuzungusha mchana kutwa, sikuchoka.

Swali lililonitesa: kifaru hakina usukani, kinakataje kona? Jibu: mnyororo mmoja husimama, mwingine huvuta. Nilijaribu kwa miguu yangu pale sokoni, wa kushoto umesimama, wa kulia unakwenda. Nikazunguka kweli! Konsolata muuza nyanya akauliza kama anitafutie basi la kwenda hospitali ya Haydom.

Jioni ng'ombe mmoja wa Herman aliingia uani akalamba pipa la mafuta. Nikamfukuza. Mifugo haina adabu kama mwenyewe.

Jumamosi, 26 Julai

Siku kuu! Mzee ametoka na fimbo yake. Mbele akapita bila hata kutupa jicho. Akaenda moja kwa moja nyuma, akasimama katikati ya mapipa, akaligusa moja kwa kiganja. Kisha akapiga saluti, akatembea palepale aliposimama kama kwamba kifaru kinakwenda na yeye anakifuata. Akataja majina ya wenzake wawili ambao hawakurudi. Nilitaka kulia, nasema kweli. Akanishika bega, akaniita kijana wangu. Kijana wangu! Herman kwisha habari yake.

Jumapili, 27 Julai

Misani nilitazama kenchi za paa muda wote, zimefungwa vizuri sana. Sikumbuki kwaya iliimba nini.

Tulipotoka, balaa. Ng'ombe wote wa Herman wamejaa uani kwa Mzee, wanalamba! Mzinga uko chini. Kichwa ni mabanzi matupu. Ubavu mmoja umetoboka na ndama yumo ndani. Konsolata akasema bandu bandu huisha gogo, nikamwomba anyamaze.

Herman akaja mbio, akapiga mluzi, akavuta mikia. Wapi! Hawakubanduka. Ndipo Mzee akafika, akaona ua umejaa ng'ombe na Herman amesimama katikati yao na fimbo. Akauliza, wote hawa? Herman, mjanja yule, akashusha fimbo, akasema, shikamoo mzee. Mzee akamshika mkono akamwingiza ndani. Majirani wakapiga vigelegele. Kwa mikono yangu nimempelekea Herman mahari yake!

Jumatatu, 28 Julai

Paskalina amekuja mezani kwangu. Simu yake ni nzima. Akasema baba yake amefurahia ng'ombe, lakini amemwachia yeye neno la mwisho, na Herman atajibiwa Jumapili baada ya misa, mbele ya wazee. Akasema kabla ya hapo, kama kuna mtu mwingine mwenye la kusema, aseme. Akanikazia macho. Akauliza, wewe Clement, huna neno?

Nikasema ninalo, ninalo siku nyingi. Akasogea karibu. Nikamwambia gurudumu la kwanza limejitenga kwa sababu ndilo linaloonja njia. Likitumbukia shimoni, mengine yanapata habari mapema.

Akaondoka bila kuaga. Pengine hakuelewa. Nitamchorea.

Jumanne, 29 Julai

Nimefahamu! Nilikuwa nimefungua simu ya Konsolata, bisibisi mkononi, likanijia lote. Neno alilolitaka si la gurudumu. Alitaka nimwambie nampenda! Na alikuja mwenyewe, kwa miguu yake! Parafujo ikanidondoka.

Kwao si mbali. Nikafunga meza, nikatoka, nikafika mahali ninapoisikia cherehani yake. Nikasimama. Nikarudi. Mtu mzima aende na mdomo mtupu? Herman ana ng'ombe, mimi niende na hewa?

Hapana. Nitajenga kifaru kingine, kikubwa sawasawa na cha kweli, mbele ya baraza lake, na ubavuni nitaandika jina lake kwa chokaa. Nimeshamtuma bodaboda ziwani. Udongo ni uleule, maana hakuna mzuri kama ule, ila safari hii nitauchanganya na pilipili. Hapo ndipo nitakapomwambia, akiwa anakitazama. Kwa baridi hii hautakauka kabla ya Jumatatu. Sawa. Nitamwambia Jumatatu.