Gati la Mbele na Siku ya Kula

Jumatatu, 10 Machi

Habari kubwa! Chifu anamwoza binti yake Wilkista Jumamosi, na bibi harusi atavushwa bwawa kwa mashua, kutoka langoni hadi kwenye mahema. Mashua za bwawa letu hapa Tongaren ni mbili tu: yangu, Neema ya Pili (ya Kwanza iko chini ya maji), na Subira ya Mama Nakhumicha, mjane anayecheka ovyo. Atakayepata gati la mbele, hapo langoni, ndiye atakayembeba. Picha zitafika Kitale. Mama yangu kule Matisi ataacha kuniuliza nitaajiriwa lini.

Mzee Wamalwa, mwenyekiti wa kamati ya bwawa, amenipigia simu. Magati yatagawanywa Jumatano, na Jumatano ni siku ya kula. Nikamwuliza mara mbili. Kula, Ngige, kula bana!

Nimefikiri kwa utaratibu. Mzee ni mtu wa Bungoma. Akinipa pole husema "pore". Upepo mkali kwake ni "mkari". L na R kwake hubadilishana, kwa hivyo kula yake ni kura. Mwingine angekosea hapo. Mimi sikukosea.

Jumanne, 11 Machi

Nimetengeneza sanduku la kura. Ndani karatasi kumi na mbili, zote NGIGE, kila moja kwa mwandiko tofauti ili watu wasishuku. Mbili nimeandika kwa mkono wa kushoto. Kazi safi!

Jumatano, 12 Machi

Ilikuwa kula.

Mama Nakhumicha alifika na kuku wawili wa kienyeji na ugali wa wimbi mkubwa kama kichwa cha ndama. Kamati ikanawa mikono. Mzee Wamalwa akaliangalia sanduku langu, akauliza kama ni kachumbari. Akafungua. Akasoma karatasi tatu huku akitafuna, akasema kijana, wewe unajipenda sana.

Nakhumicha akaambiwa achague kwanza. Nikafumba macho. Akachagua kule nyuma, kwenye kona ya mikaratusi! Gati la mbele likabaki langu! Anasema ati hapo langoni upepo wa Mlima Elgon unapiga kuanzia saa nane bila huruma. Wivu tu. Kuku wawili wameliwa bure!

Alhamisi, 13 Machi

Mazoezi. Saa nane kamili upepo ukaja. Nakhumicha akanipigia kelele kutoka konani: baba, ingia pua ikitazama upepo! Funga kwanza kamba ya upande upepo unakotoka! Na uiache ilegee kidogo!

Mtu wa kuku hawezi kunifundisha. Niliingia upepo ukiwa mgongoni, maana ndivyo mashua huenda haraka. Niligonga nguzo mara tatu, ya tatu polepole. Kisha nikafunga kamba zote fupi, zimekaza kama nyuzi za gitaa. Mashua isiyosogea haigongi. Hesabu rahisi. Nakhumicha amening'iniza tairi kuukuu ubavuni mwa Subira. Mimi nimeweka utepe mweupe.

Jumamosi, 15 Machi

Harusi ilitangazwa ya saa nne. Bibi harusi alifika saa nane na nusu. Upepo! Neema iliruka, ikavuta, ikaruka tena, na kwa kuwa kamba hazikuwa na nafasi hata ya kidole, nguzo iling'oka. Ni ile yenye kibao KARIBUNI WOTE. Wilkista alikuwa ameinua mguu apande. Mguu ukarudi chini. Mimi nikaenda.

Nguzo ikanifuata majini, kibao juu. Wageni wakapiga vigelegele, wakidhani ni sehemu ya programu. Nikawapungia mkono. Ningefanya nini?

Bibi harusi akapelekwa kwa bodaboda hadi kona ya mikaratusi, ambako maji yalikuwa yametulia kama chai kikombeni. Nakhumicha akamvusha polepole chini ya miti. Hata viatu havikulowa. Baadaye akaja kunitoa kwenye matete. Akanirushia kamba, akauliza: sasa baba, na hicho kibao unawakaribisha wapi?

Jumapili, 16 Machi

Nimetoka kanisani, simu ikalia. Mzee Wamalwa. Nguzo mpya imesimamishwa, na magati ya Pasaka yatagawanywa upya Jumatano. Safari hii ni kura. Akarudia polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto: kura, Ngige, kura! Karatasi, na sanduku ataleta yeye.

Ha! Sasa namjua mzee huyu. Wiki iliyopita niliamini ni kura, ikawa kula. Neno moja halinidanganyi mara mbili!

Nguzo mpya nimeikagua, ni imara. Nitachukua gati lile lile, na kamba nimezifupisha zaidi. Kuku wanne nimeshaagiza.