Kadi ya Moshi na Shati la Idi

Jamani, nimerudi mjini sasa hivi na sina uso. Bora mnisikie mimi mwenyewe, maana kesho akina mama wa mboga wakifika sokoni mtaletewa habari hii ikiwa imetiwa chumvi. (Wala haihitaji chumvi.)

Mnajua mimi ni bwana afya. Kazi yangu siku zote imekuwa vyoo na visima. Juzi nikapewa kazi mpya: kupima moshi. Moshi! Nikakabidhiwa kadi yenye vyumba vitano vya rangi, cha kwanza karibu cheupe, cha mwisho cheusi tititi. Unasimama jua likiwa mgongoni, unanyoosha kadi, unalinganisha na moshi unaotoka kwenye dohani. Ukifika namba tatu na kuendelea, mtambo una makosa. Nilifurahi mpaka chakula hakikupita. Jioni nikapima moshi wa jiko la mke wangu. Namba mbili. Hakupenda.

Basi leo asubuhi nikavaa shati langu jeupe, lile la Idi, tukaondoka kwenda kituo cha kusukumia mafuta ng'ambo ya Mikese, pale bomba linapopita. Kijiji cha ujamaa cha jirani kimelalamika weee: injini ya pampu inatoa moshi mweusi, masizi yanashukia bustani yao. Msimamizi wa bustani, Bi Mwanahawa, alikuja mwenyewe ofisini na kabichi mkononi. Ukiigusa, vidole vinakuwa kama umeshika kitako cha sufuria. Wachuuzi wameshaikataa mboga yake, na kijijini wameanza kusema bustani ing'olewe, papandwe mtama. Mama yule bustani ndiyo roho yake.

Landrova yetu ya ofisini mnaijua. Betri imekufa, spea hakuna, ikizimwa haiwaki mpaka isukumwe. Huku kwetu Bigwa, dereva wetu, Mzee Kondo, huiegesha kwenye mteremko ili iwake kwa kuteremka. Lakini kituo kile ni tambarare tupu. Kwa hiyo tulipofika nikamwambia, kwa mdomo wangu mwenyewe, aiegeshe nyuma ya kibanda cha pampu, kivulini, na asizime. (Hilo mliweke akilini.)

Watu walikuwa wamejaa, wamekuja kuona moshi unavyopimwa. Nikampa Bi Mwanahawa shikamoo yake, akaitika, akaniambia usiku kucha hajalala. Mkuu wa kituo, mtu mpole wa miwani, akanikaribisha soda. Nikaikataa. Serikali hainywi soda kazini! (Kiu nilikuwa nayo.)

Nikasimama jua mgongoni, nikajikohoza, nikanyoosha kadi. Dohani ile pale juu ya kibanda. Mara moshi ukafumka, palepale usawa wa dohani, mweusi, mzito. Na mngurumo nausikia. Namba nne... namba tano! Akina mama wakapiga vigelegele. Nikapanda juu ya pipa (nani alinituma?) nikatangaza:

"Kuanzia sasa, chochote kinachotoa moshi wa namna hii ndani ya uzio huu kizimwe, na kisiwashwe humu mpaka kitengenezwe."

Mkuu wa kituo akaninong'oneza kwamba pampu haijawashwa tangu asubuhi. Nikamjibu kwa sauti, kila mtu asikie, kwamba moshi hausemi uongo. Nikashuka pipani, nikaongoza umati kuzunguka kibanda, kadi juu kama bendera.

Nyuma ya kibanda, jamani, landrova yetu. Inatetemeka, inakohoa, inamwaga moshi wa namba tano. Mzee Kondo amelala kwenye usukani, kofia usoni.

Mwanzoni hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipokufa. Mkuu wa kituo akavua miwani, akaifuta polepole.

"Ndugu bwana afya," akasema, "amri ni amri. Kizimwe."

Mzee Kondo akaamshwa, akanitazama, nikatikisa kichwa kukubali. Ikazimwa. Sasa ndipo kijiji kikaanguka kwa kicheko, watu wanashikana mabega wasidondoke. Bi Mwanahawa peke yake hakucheka. Aliondoka ameinama, na mimi nikaona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani mwangu.

Wanaume wa kusukuma gari wakaenda zao kwenye shamba la kijiji, tukaambiwa tuwasubiri mpaka alasiri. Nikakaa kivulini. (Soda haikuletwa tena.) Lakini nikaona mkuu wa kituo hatulii. Anatazama saa, anatazama matangi, ananitazama mimi. Kumbe pampu aliizima kwa ajili yangu, akijua nitapima, nitaondoka. Na mafuta yanaendelea kuja, matangi yanajaa. Wanakijiji waliporudi alasiri, na Bi Mwanahawa miongoni mwao, matangi yalikuwa pomoni, mkuu hakuwa na ujanja tena. Akaiwasha.

Dohani ikatapika! Moshi ukapita juu yetu, ukaelekea moja kwa moja bustanini. Mkono ukaenda kwenye kadi, lakini nani angeniamini tena? Bi Mwanahawa akasogea mbele.

"Mkuu, na hii nayo? Au ile amri ilikuwa ya gari peke yake?"

Mkuu akaitazama dohani. Akaitazama landrova yetu, iliyozimwa kwa neno lake mwenyewe mbele ya watu wote. Akazima pampu. Akasema watatumia injini ndogo ya akiba, japo inakwenda polepole, na hii kubwa haitawashwa mpaka mafundi waifungue. Bi Mwanahawa akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilikaribia kulia.

Tukaisukuma landrova mpaka nje ya uzio, maana ndani ni marufuku kuiwasha. Kwa furaha niliyokuwa nayo nikakimbilia nyuma kabisa, katikati, nikainama na kusukuma kwa nguvu zangu zote. Palepale kwenye ekzosi. Ikawaka kwa mshindo mmoja!

Nilipofumbua macho, Bi Mwanahawa alikuwa ameiokota kadi. Akageuka jua likawa mgongoni mwake, akainyoosha mbele ya shati langu la Idi, akafinya jicho moja.

"Tano," akasema.

Naomba asicheke mtu, nimeshachekwa vya kutosha njia nzima na Mzee Kondo. Na nilipobisha hodi nyumbani, mke wangu alifungua mlango, akanitazama juu mpaka chini, akauliza kwa upole: "Hebu nikumbushe, jiko langu lilikuwa namba ngapi?"