Kamba Kumi na Moja za Mwenyekiti

Inatangazwa kwa wanachuo, wazazi na umma kwa jumla kwamba kuanzia mahafali ya mwaka huu hakuna mhitimu atakayefedheheka kwa kukosa kamba ya heshima shingoni.

Tangazo hilo aliliandika Mwenyekiti wa Kamati ya Utambuzi wa Ubora kwa mkono wake mwenyewe, akalisoma mara tatu kwa furaha. Zamani kamba ilivaliwa na waliofaulu sana tu, jambo lililowaonea wasiofaulu. Sasa kulikuwa na kamba ya mahudhurio, ya uvumilivu, na ya kurudia mtihani kwa moyo mkunjufu. Wanakamati nao walijitunuku. Mwenyekiti alijitunuku kumi na moja. Kanuni ya nne, aliyoitunga yeye, ilisema kamba ikishavaliwa haivuliwi mpaka kamati ikae na kuridhia.

Asubuhi ya mahafali, mfagizi wa ofisi aliyeitwa Mama Ndoo alisimama mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Binti yangu ndiye wa kwanza chuo kizima, na hajapewa kamba hata ya kufungia kuni."

"Marahaba. Fomu yake haina sahihi ya mwajiri wa mzazi."

"Kwani mwajiri wangu si wewe?"

"Ni mimi. Lakini leo niko kwenye sherehe, siko kazini."

"Miaka minne napiga deki hapa kwa ajili ya siku hii, mzee. Mwanangu ataonekanaje?"

"Ataonekana tu, mama." Mwenyekiti alimhurumia kweli, lakini utaratibu ni utaratibu. Akainyoosha kamba ya saba.

Ukumbini wahitimu mia nne walivaa kamba, wengine mpaka magotini. Shingo moja tu ilikuwa tupu. Mgeni rasmi, Waziri, ambaye hakuwa amesoma taarifa aliyoandaliwa, aliiona mara moja.

"Yule asiye na kamba ni nani?"

"Wa kwanza, mheshimiwa," alijibu karani wa kamati, kabla Mwenyekiti hajamkanyaga mguu.

"Safi sana! Kumbe aliyefaulu hahitaji mapambo." Waziri akashuka jukwaani kumpa mkono binti. Vigelegele vikapasua ukumbi. Mama Ndoo alilia waziwazi na hakujifuta.

Kisha Waziri akahesabu zile kamba kumi na moja. Akamshika Mwenyekiti bega kwa huruma.

"Usikate tamaa, mzee wangu. Elimu haina mwisho."

Mwenyekiti akapeleka mikono shingoni haraka azivue.

"Kanuni ya nne, mzee," karani akamnong'oneza. Wanakamati wengine walikuwa wameshakimbilia chakula.

Jumatatu Mwenyekiti alifika kazini nazo zote, mbili zikiwa na mchuzi. Mama Ndoo alikuwa amepiga magoti na tambara lake.

"Pole, mzee. Fomu yako ya kuvua inakosa sahihi ya nani?"

"Ya mwenyekiti."

"Kwani mwenyekiti si wewe?"

"Ni mimi. Lakini mimi ndiye mwombaji."

Mama Ndoo akakamua tambara.

"Basi inua kamba zako, mzee, nipige deki."