Choo cha Soko na Kamati ya Mazishi

Jumatatu, 4 Machi
Nimeanza mapambano. Choo cha wanawake hapa sokoni kina kufuli tangu kikarabatiwe. Msimamizi wa soko anasema ni cha wageni wa ofisi. Marehemu mke wangu aliuza vifungo na uzi karibu na meza yangu ya kushonea viatu, na mchana kutwa hakunywa kitu. Nikimpa chai, alipashia viganja moto tu. Wenzake bado wanaishi hivyo. Binti yangu anasema siku hizi haki inadaiwa mtandaoni: picha ya kuchekesha, maneno machache, hashtegi. Picha ninayo. Marehemu anamtazama mpiga picha kama mtu aliyemkanyagia kitambaa kipya. Nimeandika juu: UFUNGUO UKO WAPI? Chini: #FunguaChoo. Nimeridhika mno.

Jumanne, 5 Machi
Fundi saa, jirani yangu, kaniiga. Kampiga picha paka wake mlangoni pa choo, kaandika NAVUMILIA. Soko zima linacheka. Yangu imependwa na binti yangu na muuza dawa ya mende. Fundi saa kanipa pole, eti mzee mwenzangu, haya mambo yanataka kipaji. Kosa nimeliona: watu wameichoka hashtegi yangu. Hata shati halivaliwi siku mbili. Leo ni #KufuliLiondoke.

Jumatano, 6 Machi
#HataSisiTunaKibofu. Binti kapiga simu. Baba, hashtegi ni moja, watu wakusanyike hapo, wewe kila siku unahamisha mkutano. Nikamwambia mama yake hakurudia gauni wiki nzima. Akacheka. Akanishauri niwatumie watu wengi kwa mkupuo. Kundi kubwa kwenye simu yangu ni la Kamati ya Mazishi ya marehemu. Hakuna aliyepata moyo wa kulifunga. Nimetuma.

Alhamisi, 7 Machi
Majibu kama mvua! Yote ni pole. Apumzike kwa amani. Mikono ya dua, safu kwa safu. Hakuna aliyesoma maneno, wameona sura tu. Shemeji, dada mkubwa wa marehemu, kaandika kuwa ni aibu kuniacha mpweke hivi, kesho wote waje kunishika mkono, huko huko sokoni. Nikaeleza habari ya choo. Wakajibu amina.

Ijumaa, 8 Machi
Wamekuja, basi zima. Fundi saa kalazimika kuvua kofia. Wauza mboga wakawapa chai, wakasimulia jinsi marehemu alivyopima uzi kuanzia puani hadi ncha ya kidole. Nililia kidogo, ndani ya buti la mteja. Kisha shemeji akaulizia choo. Akakuta kufuli. Akaenda ofisini, shangazi na binamu nyuma yake. Msimamizi akasema choo ni cha wageni.

"Kwani sisi, mwanangu, unatuona wenyeji?" shemeji akauliza.

Msimamizi akasema basi waandike maombi, wasubiri. Shemeji akaketi kwenye kiti cha msimamizi, kile cha kuzunguka. Atasubiri, akasema, ila ana kisukari na ameshakunywa chai, hivyo kuhusu kiti haahidi chochote. Kufuli likatoka. Shemeji kaondoka nalo mkobani.

Jumamosi, 9 Machi
Mlango uko wazi. Muuza nyanya kanywa vikombe viwili asubuhi, taratibu, huku akinitazama. Sikujua pa kuweka macho. Fundi saa anadai ni kazi ya paka. Binti anasema ni mama mkubwa. Hawajui mambo haya. Ni hashtegi, hasa ile ya Jumatano.

Sasa ni zamu ya paa la upande wa samaki, linavuja. Nimeandaa hashtegi saba, hakuna inayofanana na mwenzake. Picha nayo ninayo: jana shemeji alisinzia kwenye meza yangu, chali, amefumba macho, mikono kifuani. Nimeandika TUMECHOKA KUNYESHEWA, nikaituma kwa Kamati ya Mazishi.

Simu inalia mfululizo. Safari hii ujumbe umefika.